Dawa za moyo kushindwa kufanya kazi: ipi ni ipi, na kwa nini umepewa nyingi hivyo

Mimi nashinda nyuma ya kaunta ya dawa, na mtu wa moyo akifika mbele yangu mara nyingi ana cheti chenye dawa nne au tano na swali lake ni lilelile, "zote hizi za nini, si uniambie ile yenye nguvu ninywe hiyo hiyo?" Nimeshajibu sana kwa mdomo, sasa naandika. Majina nimeyaweka tunavyoyatamka, kwenye boksi hiyo i ya mwisho hutaikuta na penye k unaweza ukakuta c, usishtuke. Dozi zako ni za daktari wako kupanga, anayejua figo zako na presha yako, mimi hapa naeleza tu kila moja inafanya nini.

Kati ya hizi zote, ipi ndo kiboko?

Hakuna, na siyo kwamba nakwepa swali. Hizi dawa hazishindani, kila moja inaziba njia yake ambayo mwili unatumia kuumaliza moyo. Moyo ukichoka kusukuma damu, mwili unadhani umeishiwa maji au damu, unaanza kujiokoa: unabana mishipa, unazuia chumvi na maji visitoke, unamwaga adrenalini moyo ukimbie. Kwa siku mbili tatu inasaidia. Kwa miezi, ni kama kumchapa punda aliyechoka apande mlima. Dawa moja inazuia mishipa kubanwa, nyingine inazima adrenalini, nyingine inazuia ile homoni ya kushika chumvi, na ya nne inafanya kazi zaidi kwenye figo. Kwa hiyo kuuliza enalaprili na bisoprololi ipi bora ni kuuliza golikipa na mshambuliaji nani bora.

Kulinganisha kunaleta maana ukiwa ndani ya kundi moja. Enalaprili na losartani, hapo sawa, tuongee. Spironolaktoni na eplerenoni, tuongee.

Daktari kila mara anataja EF, ni nini hiyo?

Ni asilimia ya damu ambayo chumba cha kushoto cha moyo kinaitoa nje kila kikipiga, unapimwa kwa eko, ile ya kupakwa jeli kifuani. Isikutishe kwamba siyo 100, moyo mzima kabisa wenyewe unatoa kama 55 mpaka 70 tu. Ukiwa 40 au chini wanasema nguvu ya kusukuma imepungua, 50 kwenda juu wanasema imebaki ila moyo ni mgumu haujai vizuri, katikati hapo ni katikati.

Hii namba ndo inayoamua dawa. Karibu kila nitakachosema chini kuhusu dawa nne za msingi kinamhusu mwenye EF 40 au chini, wenye 50 na zaidi nina swali lenu peke yake huko mbele. Ukitaka kujifananisha na jirani yako aliyepewa dawa tofauti, muulize EF yake kwanza kabla hujamlaumu daktari.

Lasix ndo inayonisaidia, hizi zingine sisikii chochote. Kwa nini nisibaki na Lasix tu?

Hili ndo swali ambalo ningetaka kila mtu asome hata kama ataacha mengine yote.

Furosemidi, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Lasix, inakukojoza. Unameza asubuhi, baada ya saa moja unaanza safari za chooni, jioni miguu imepungua, usiku unalala na mto mmoja badala ya mitatu. Unaisikia. Lazima uipende. Lakini furosemidi inatoa maji tu, ule moyo uliosababisha maji yajae inauacha vilevile, na hakuna utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba yenyewe inawaongezea watu wa moyo miaka ya kuishi. Upande wa pili kuna enalaprili, bisoprololi, spironolaktoni, dapagliflozini, hizi ndo zimepimwa kwa maelfu ya watu zikaonekana zinapunguza vifo na kulazwa, na ndo hizohizo ambazo ukimeza hausikii kitu, au unasikia kizunguzungu.

Matokeo yake mtu pesa ikipungua au safari ikitokea anabeba Lasix anaacha zingine nyumbani. Yaani anabeba ya kujisikia vizuri anaiacha ya kuishi. Mzee mmoja aliniambia "mwanangu hii nyeupe ndogo haifanyi kitu nimeitoa", ile nyeupe ndogo ilikuwa bisoprololi. Tukarudi mwanzo.

Usinielewe vibaya, furosemidi ni ya lazima ukiwa umejaa maji, bila hiyo hata hizo zingine haziwezi kuanzishwa vizuri. Ila dozi yake inatakiwa iwe ile ndogo kabisa inayokuweka mkavu, na wengine wakitulia hupunguziwa.

Enalaprili, losartani na ile mpya ya sakubitrili, zinatofautianaje?

Hizi zinagombea kiti kimoja, kwa hiyo hapa kulinganisha ni halali.

Za kwanza ni wale wanaoishia na prili: kaptoprili, enalaprili, lisinoprili, ramiprili. Kaptoprili ilitokana na watu kuchunguza sumu ya nyoka mmoja wa Brazil anayeshusha presha ya anayemuuma, hiyo huwa napenda kuwasimulia wagonjwa. Mwaka 1987 enalaprili ilijaribiwa kwa watu 253 waliokuwa hoi, wa kuchoka hata wakiwa wamekaa, baada ya miezi sita waliopewa kidonge kisicho na dawa walikuwa wamekufa 44 kwa kila 100, waliopewa enalaprili 26. Kabla ya hapo hakukuwa na kidonge kilichofanya kitu kikubwa namna hiyo. Wanaanza na 2.5 mg mara mbili kwa siku, wanapanda taratibu mpaka 10 au 20 mara mbili.

Sartani ni losartani, valsartani, kandesartani. Zinaziba njia ileile kwa kupitia mlango mwingine, na faida yake kubwa ni kwamba hazikohozeshi. Kwa nguvu wengi tunaziweka nafasi ya pili, zinapewa aliyeshindwa prili, sio kwamba ni mbovu. Kwa losartani kuna kitu watu wanakosea sana: 50 mg ni dozi ya presha ya kawaida, kwa moyo ulioshindwa utafiti wa 2009 ulilinganisha 50 na 150 na 150 ikashinda. Kwa hiyo ukiona umekaa miaka miwili na losartani 50 na presha yako inaruhusu, muulize daktari kama kuna nafasi ya kupanda.

Ya tatu ni sakubitrili iliyochanganywa na valsartani kwenye kidonge kimoja, Entresto ndo jina lililozoeleka. Sakubitrili inazuia kimeng'enya kinachoharibu homoni nzuri za moyo, zile zinazofungua mishipa na kutoa chumvi. Mwaka 2014 ilipambanishwa moja kwa moja na enalaprili kwa watu zaidi ya 8,000, na vifo vya moyo pamoja na kulazwa vikapungua kwa asilimia 20 zaidi ya enalaprili. Kumbuka hapo haikushindana na kidonge hewa, ilishindana na bingwa. Kwa hiyo ndiyo, kwa EF ya chini ndo ya kwanza kwenye kiti hiki kama unaimudu na presha yako inaibeba, maana inashusha presha kuliko mwenzake.

Ila kama huipati, enalaprili iliyopandishwa mpaka dozi yake kamili siyo ya kudharau hata kidogo. Bora enalaprili unayoimeza kila siku kuliko Entresto ya wiki mbili halafu mwezi mzima hakuna.

Nimebadilishiwa kutoka enalaprili kwenda Entresto, naambiwa nisubiri siku moja na nusu. Kwa nini?

Saa 36, na usizipunguze. Prili na sakubitrili zote zinazuia kuharibika kwa kemikali moja inayoitwa bradikinini, zikikutana mwilini hiyo kemikali inarundikana na uso, midomo, ulimi au koo vinaweza kuvimba mpaka hewa ikose pa kupita. Vivyo hivyo ukirudi nyuma, ukitoka Entresto kwenda enalaprili. Ukitokea kwenye losartani hakuna kusubiri, unaacha hii unaanza ile kwenye dozi inayofuata. Na kama uliwahi kuvimba mdomo au ulimi kwa sababu ya prili, basi prili zote na Entresto hazikuhusu tena maisha yako yote, sema hilo kila hospitali utakayoingia.

Kikohozi hiki ni cha dawa au cha moyo?

Vyote vinawezekana ndo maana usiamue mwenyewe. Cha prili ni kikavu, kinakereketa koo, hakina makohozi, kipo mchana na usiku. Cha maji kwenye mapafu kinazidi ukilala chali, kinakuja na kubanwa pumzi, uzito unapanda. Kama ni cha prili dawa ya kikohozi haitakusaidia, unahamishwa kwenda sartani na kinaisha, kwa wengine kinachukua wiki kadhaa.

Nimeanza beta bloka nikajisikia vibaya kuliko mwanzo, si inaniua?

Hapana, lakini nakuelewa. Beta bloka inazima adrenalini ambayo moyo wako umekuwa ukiitegemea kama mlevi anavyotegemea pombe, wiki za kwanza unakuwa mchovu, mzito, wengine wanajaa maji kidogo. Ndo maana inaanzishwa ukiwa umeshakauka maji, kwa dozi ndogo mpaka unaiona kama mzaha, bisoprololi 1.25 mg, karvediloli 3.125 mg mara mbili, halafu inapandishwa maradufu kila baada ya kama wiki mbili. Faida yake inachelewa, miezi mitatu na kuendelea, na huko ndo EF inapoanza kupanda.

Usiikatize ghafla kwa hasira. Moyo uliozoea breki ukiziondoa mara moja unakimbia hovyo. Ukiona mapigo yameshuka chini ya 50 na unapata kizunguzungu au unazimia, au uzito unapanda kila siku, hapo unampigia daktari siku hiyohiyo.

Beta bloka si zote sawa tu? Mimi nina atenololi nyumbani

Hapana na hapa ndipo jina ni la maana. Kwa moyo ulioshindwa zilizothibitika kupunguza vifo ni bisoprololi, karvediloli, na metoprololi ile ya suksineti inayotoka taratibu. Hizi tatu majaribio yao yalitoka kati ya 1999 na 2001 na kila moja ilipunguza vifo kwa karibu theluthi, 34 au 35 kwa mia. Atenololi ni ya presha, haina ushahidi huo. Na metoprololi iko ya aina mbili, ya tatreti inayoisha haraka ndo ile iliyoshindwa na karvediloli mwaka 2003, vifo 40 kwa mia dhidi ya 34. Kwa hiyo soma boksi lako mpaka neno la pili, siyo "metoprololi" tu unaondoka.

Kati ya zile tatu uchaguzi unaenda na mtu. Karvediloli inafungua na mishipa, kwa hiyo inamfaa mwenye presha ya juu, ila inamezwa mara mbili, pamoja na chakula, na siyo nzuri kwa mwenye pumu. Bisoprololi ni mara moja kwa siku, inagusa zaidi moyo kuliko mapafu, presha haiishushi sana. Mimi nikiona mtu presha yake ya chini chini na kumbukumbu yake ya dozi ya jioni ni mbaya natarajia kuona bisoprololi.

Mume wangu ameota matiti tangu aanze dawa, anaona aibu hata kusema. Ni ipi?

Mshike mkono mje wote, ni spironolaktoni, ile inayozuia homoni ya kushika chumvi. Ilipojaribiwa, utafiti ulitoka 1999, ilipunguza vifo kwa asilimia 30 kwa watu ambao wengi wao walikuwa tayari wanameza prili, dawa rahisi ya zamani ikafanya hayo, lakini kidonge hicho kinagusa pia homoni za uzazi, na mwanaume mmoja kati ya kumi aliota au kuumwa matiti. Suluhisho siyo kuiacha kimyakimya, suluhisho ni kuhamishiwa eplerenoni, kazi ileile, inachagua zaidi, matiti haiyagusi sana. Shida ya eplerenoni ni kwamba ina gharama kuliko mwenzake, ndo maana wengi wanaanzishiwa spironolaktoni.

Zote mbili zina tabia moja ya hatari, zinapandisha potasiamu. Potasiamu ikizidi mara nyingi hakuna dalili ya kukuonya, moyo unaweza tu kusimama. Kwa hiyo vipimo vya damu, potasiamu na kreatinini (kipimo cha figo), kama wiki moja baada ya kuanza, tena wiki ya nne, halafu kila baada ya miezi. Kama potasiamu ilikuwa juu ya 5.0 kabla, dawa haianzishwi, potasiamu ikipita 5.5 dozi inapunguzwa, ikifika 6.0 dawa inasimamishwa. Na ile "chumvi ya wagonjwa wa presha" ambayo mnanunua mkidhani mnajisaidia, nyingi ni potasiamu tupu, ukiichanganya na spironolaktoni na enalaprili umejitengenezea sumu mezani.

Sina kisukari, mbona nimeandikiwa dawa ya kisukari?

Daktari hajakosea. Dapagliflozini na empagliflozini zilizaliwa kwa ajili ya kisukari, zinalazimisha figo kumwaga sukari kwenye mkojo, halafu watafiti wakiwa wanaangalia kama ni salama kwa moyo wakakuta watu hawalazwi kwa moyo kujaa maji. Mwaka 2019 dapagliflozini ikajaribiwa kwa watu 4,744 wenye EF ya chini, zaidi ya nusu hawakuwa na kisukari kabisa, vifo vya moyo na hali kuzidi kuwa mbaya vikapungua kwa asilimia 26, aliye na kisukari na asiye nacho sawasawa. Empagliflozini mwaka uliofuata ikatoa 25. Ukiniuliza kati ya hizo mbili ipi nitakwambia ile inayopatikana.

Ninachozipendea hazina longolongo, 10 mg mara moja kwa siku, hakuna kupandisha, presha zinaishusha kidogo sana, na faida inaanza ndani ya wiki chache. Asiye na kisukari sukari yake haishuki kwa sababu ya dawa hizi peke yake. Ukipima mkojo utaonyesha sukari, ni kawaida, waambie maabara unameza nini kabla hawajakutangazia kisukari.

Ubaya wake: fangasi sehemu za siri, wanawake zaidi lakini wanaume pia, usafi na kukauka vizuri vinapunguza, na ikitokea inatibika bila kuacha dawa. Kikubwa zaidi ni siku ambayo huli: unatapika, unaharisha, umefunga kula kwa ajili ya operesheni. Hapo inasimamishwa, kwa operesheni iliyopangwa ni siku tatu kabla, kwa sababu damu inaweza kujaa asidi hata sukari ikiwa kawaida. Mwenye kisukari aina ya kwanza kwa kawaida hapewi.

Furosemidi na torasemidi?

Torasemidi nayo ni ya kukojoza, inanyonywa vizuri na tumbo, furosemidi inategemea na siku, wengine wanapata nusu wengine chini ya hapo. Kwa hiyo miaka mingi watu waliamini torasemidi inaokoa maisha zaidi. Ikapimwa kwa watu 2,859, majibu yakatoka 2023, vifo 26.1 kwa mia upande mmoja na 26.2 upande wa pili. Sare. Kama furosemidi 40 mg haikukojozi vizuri, torasemidi 20 mg ndo inalingana nayo, jaribio la kubadili lina maana, vinginevyo usihangaike.

Digoksini bado inatumika? Na hidralazini, na ivabradini?

Digoksini ni babu yao wote, ilitokana na mmea ambao daktari Mwingereza William Withering aliuandikia kitabu 1785. Ilipopimwa vizuri kwa watu 6,800 mwaka 1997 vifo havikupungua hata kidogo lakini kulazwa kulipungua. Kwa hiyo leo ni ya nyongeza, hasa mapigo yakiwa yanaenda ovyo ovyo. Nafasi kati ya dozi ya dawa na dozi ya sumu ni nyembamba sana, ukianza kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona vitu vina rangi ya njano, kimbia, na hatari inazidi figo zikichoka au potasiamu ikishuka kwa sababu ya Lasix.

Hidralazini na isosobidi dainitreti zinakwenda pamoja. Mwaka 2004 zilijaribiwa kwa Wamarekani weusi 1,050 waliokuwa tayari kwenye dawa zingine, vifo vikapungua kwa asilimia 43. Zinafaa pia mtu ambaye figo au potasiamu vimemnyima prili na sartani zote. Tatizo ni vidonge mara tatu kwa siku na kichwa kinauma kweli, wengi wanaishia njiani.

Ivabradini ni ya ambaye beta bloka imefika mwisho na mapigo bado ni 70 au zaidi, kwa mapigo yanayokwenda kwa mpangilio tu. Inaweza kukuonyesha vimulimuli machoni, usiogope ila usiendeshe gari usiku mpaka uizoee.

EF yangu ni 55 lakini miguu inavimba na pumzi inabana. Hizi zote zinanihusu?

Hapana, na hapa watu wanapotezewa muda. Kwa miaka mingi walijaribu prili, sartani, beta bloka kwa nyie wenye moyo mgumu, hakuna iliyoshinda waziwazi. Kilichobadilisha ni dapagliflozini na empagliflozini, 2021 empagliflozini ilipunguza vifo vya moyo na kulazwa kwa asilimia 21, 2022 dapagliflozini kwa 18, hasa kwa kupunguza kulazwa. Mwaka 2024 finerenoni, ndugu wa spironolaktoni, nayo ikaonyesha faida. Zaidi ya hapo ni dawa ya kukojoza kwa kipimo chako, na kuishika presha, uzito, kisukari na mapigo. Beta bloka unaweza kukuta umepewa lakini kwa sababu nyingine, siyo kwa moyo mgumu wenyewe.

Presha yangu ni 100 kwa 60, bado niendelee kumeza?

Unazimia ukisimama? Unaona giza? Kama hapana, 100 ni namba tu na kwa mgonjwa wa moyo ni ya kawaida kabisa. Hizi dawa hupewi ili kushusha presha, presha inashuka kama abiria tu. Kama unaona giza, kabla ya kugusa dawa nne za msingi daktari anaangalia kwanza: furosemidi imezidi na umekauka? kuna amlodipini, dawa ya presha, ya zamani haina kazi tena? dawa ya tezi dume? Hizo ndo za kupunguza kwanza. Kingine ni kutenganisha, moja asubuhi nyingine usiku.

Niko poa kabisa, kwa nini dozi inazidi kupandishwa?

Kwa sababu dozi zilizookoa watu kwenye tafiti zilikuwa kubwa, zile ndogo ni za kuanzia tu. Utafiti mmoja uliotoka 2022 uliwachukua waliotoka kulazwa, kundi moja likapandishwa dozi mpaka juu ndani ya wiki mbili huku likipimwa mara kwa mara, kundi lingine likaenda kwa mwendo wa kawaida. Baada ya siku 180 waliokufa au kurudi wodini kwa moyo walikuwa 15 kwa mia dhidi ya 23. Utafiti ulisimamishwa mapema maana waliona si haki kuwacheleweshea wengine. Kwa hiyo ukiona kliniki tatu mfululizo unapewa dozi ileile na hakuna anayekueleza kwa nini, uliza.

EF imepanda kutoka 25 mpaka 52, nimepona, naweza kuacha?

Hongera kweli, lakini hapana. Kuna waliojaribu: watu 51 waliopona namna hiyo, nusu wakaachishwa dawa taratibu chini ya uangalizi mkali, ndani ya miezi sita 44 kwa mia moyo ukawarudia kulegea. Walioendelea na dawa, hakuna hata mmoja. EF ya 52 uliyonayo imeshikiliwa na hivyo vidonge.

Dawa gani nisichanganye nazo?

Za maumivu ndo adui namba moja, diklofenaki, ibuprofeni na jamaa zao. Zinashika chumvi na maji, zinaumiza figo, na ukiwa na prili na Lasix juu yake figo zinaweza kugoma ndani ya siku chache. Mgongo ukiuma meza parasetamoli, siyo ile ya kuyeyusha kwenye maji maana imejaa sodiamu. Zingine ni verapamili na diltiazemu kama EF yako iko chini, na pioglitazoni ya kisukari. Na msichanganye prili na sartani kwa sababu nyumbani kuna za mama na za baba, nimeona.

Nina mpango wa kubeba mimba

Sema kabla hujabeba. Prili, sartani na Entresto zinaharibu figo za mtoto tumboni, spironolaktoni nayo na gliflozini haziendi. Beta bloka, hidralazini na furosemidi kwa uangalizi zinaweza kubaki. Na swali la kwanza kwa daktari wa moyo litakuwa kama moyo wenyewe utaibeba mimba, kabla ya dawa. Ukigundua umeshabeba na unameza hizo, usikae ukilia nyumbani wala usiache zote kwa mkupuo, nenda leo.

Nguvu za kiume zimeshuka, naweza kutumia viagra?

Beta bloka na spironolaktoni zinaweza kuchangia, moyo mchovu wenyewe unachangia zaidi. Wengi wanaweza, isipokuwa mwenye isosobidi au nitreti yoyote hata ya kuweka chini ya ulimi, huyo hapana kabisa, presha inaporomoka mpaka mtu anakufa. Verisiguati, dawa nyingine ya moyo, pia haichanganywi na viagra. Uliza wazi, hatucheki.

Nikisahau dozi, na nimeze saa ngapi?

Ukikumbuka ndani ya masaa machache meza, kama inayofuata imekaribia ruka, usimeze mbili. Lasix asubuhi, na kama ni mara mbili basi ya pili mapema alasiri, siyo saa mbili usiku halafu unalalamika hulali. Spironolaktoni asubuhi pia. Na kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula, panda mzani uandike, ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3 hayo ni maji, kunenepa hakuendi kasi hivyo, piga simu kabla miguu haijakwambia.